Mistari Miwili Inayofanana

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Maneno hayo niliyaona utotoni, yameandikwa kwa chaki katika duka moja kijijini kwetu Berega, juu ya rafu ya chumvi na viberiti, nami nikayaamini kabisa. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba hata ndani ya daftari watu hupotea, na kwamba mara nyingine anayewapoteza ni yule yule aliyepewa kazi ya kuwatunza. Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuwapoteza watu wanane. Sikuwadhulumu kwa makusudi wala sikula hata senti yao. Niliwapoteza nikiwa nimeketi kitini, kwa amri moja ya kompyuta, na siku ile nilisifiwa kwa kazi nzuri.

Kabla sijaeleza namna ilivyotokea, naomba msomaji anifuate kidogo nyuma, maana kosa langu lilikuwa na mababu zake.

Berega ni kijiji cha Ukaguru, kaskazini mwa wilaya ya Kilosa. Sisi Wakaguru hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti kubwa katika mambo yake. Kwa hiyo wazee wetu walipotaka kumjua kijana mgeni hawakuridhika kusikia jina lake na la baba yake. Waliuliza, "Mama yako ni wa ukoo gani?" Akishajibu, walijua aketi wapi, amwite nani mjomba, na nani hawezi kumwoa. Msomaji alikumbuke swali hilo, kwani hadithi yangu yote inalitegemea.

Watu wa kwanza kutuandika katika vitabu walikuwa wamisionari wa Kiingereza wa CMS, ambao miaka ya mwisho ya 1870 walikuwa wamekwisha kuingia Mpwapwa, na punde wakafungua kituo Mamboya, jirani zetu. Mmoja wao, J. T. Last, alichapisha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Pamoja na sarufi na Injili lilikuja daftari la ubatizo, na pamoja na daftari yakaja majina mapya. Majina ya kwetu yalikuwa mengi na kila moja lilikuwa na kisa chake. Majina ya Biblia yaliyopendwa yalikuwa machache. Baada ya vizazi viwili, kila kitongoji kilikuwa na Yohana kadhaa watoto wa Petro, na Mariamu kadhaa binti Yohana. Zaidi ya hayo, karani mmoja aliandika Elizabeti, mwingine Elisabeti, na wa tatu, kwa kuwa ulimi wake haukutofautisha, akaandika Erizabeti. Huyo ni mtu mmoja mwenye sura tatu. Na wale Mariamu ni watu wengi wenye sura moja.

Kisha ikaja kodi. Wajerumani waliitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897 na kuanza kuitoza mwaka 1898. Angalia neno lenyewe: ni kodi ya nyumba. Serikali ile ilihesabu paa, si vichwa. Mzee mwenye wake wawili na nyumba mbili alilipa mara mbili, kwa hiyo jina lake lingeweza kuonekana mara mbili katika orodha ya akida, na mistari yote miwili ilikuwa halali. Waingereza nao, kwa sheria yao ya mwaka 1922, walitoza nyumba na vichwa, na mwenye wake zaidi ya mmoja akadaiwa zaidi. Sasa tuseme karani mgeni anaikuta orodha kama hiyo, anaona jina limerudiwa, anakata mstari mmoja akidhani anasafisha. Kwa hesabu ya watu atakuwa amesahihisha, lakini kwa hesabu ya nyumba atakuwa ameharibu. Mstari hauwezi kuitwa wa marudio mpaka kwanza ujue jedwali linahesabu kitu gani.

Mashamba ya mkonge ya Kilosa yalileta tatizo la upande wa pili. Vibarua walihesabiwa kwa kipande, kadi iliyowekwa alama kila siku mpaka zitimie siku 30 za kazi. Mtu aliyegombana na mnyapara, au aliyemkimbia mdai wake, aliweza kuhamia shamba jingine na kutaja jina jipya, naye akaandikwa upya kama mtu aliyezaliwa jana. Hapo kulikuwa na mistari miwili isiyofanana hata herufi moja, nayo ilikuwa ya mtu mmoja. Mzee mmoja wa kwetu alikuwa na majina matatu: la nyumbani, la kanisani na la mkonge. Alipofariki, waliokuja msibani walimlilia kwa majina yote matatu.

Wataalamu wa sensa wao walipata njia ya busara. Tangu zamani nchini kwetu swali la sensa si "wewe ni wa wapi?" bali "nani walilala hapa usiku wa kuamkia siku ya sensa?" Katika sensa ya mwaka 2022 usiku huo ulikuwa wa kuamkia tarehe 23 Agosti, na hesabu ya Watanzania ikawa 61,741,120. Mtu anaweza kuwa na majina matatu na nyumba mbili, lakini usiku mmoja hulala mahali pamoja tu. Hilo ndilo linalozuia asihesabiwe mara mbili. Angalia kwamba kinga hiyo haikutoka katika jina lake wala katika umri wake. Imetoka katika jambo lililo kweli juu ya mwili wake.

Katika ulimwengu wa kompyuta suala hili lilipata mwanafikra wake mwaka 1970. Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa rubani wa Jeshi la Anga la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, alikuwa akifanya kazi katika maabara ya IBM huko San Jose, Marekani. Mwaka huo alichapisha makala iliyoeleza namna ya kuhifadhi habari nyingi katika majedwali yanayohusiana. Kwake jedwali halikuwa orodha ya kawaida. Lilikuwa seti, kama seti za hisabati tulizofundishwa shuleni, yaani kitu ama kimo ama hakimo, na hakiwezi kuwamo mara mbili. Kila mstari aliuona kama tamko la kweli: yuko mtu fulani, wa kijiji fulani, anayedai kiasi fulani. Kulirudia tamko hakulizidishii ukweli. Kwa hiyo kila jedwali lazima liwe na ufunguo, yaani alama inayoutofautisha kila mstari na mingine yote.

Miaka minne baadaye, mwaka 1974, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wa IBM vilevile, walieleza lugha ya kuyauliza majedwali hayo, ambayo leo tunaiita SQL. Lugha hiyo haikushika msimamo wa Codd. Yenyewe huruhusu mistari irudiwe, na anayetaka iondolewe ni lazima aagize. Wapo waliolaumu, lakini ulegevu huo una sababu. Kwanza, kutafuta marudio katika jedwali kubwa ni kazi nzito kwa mashine, maana ni lazima ipange mistari yote na kuilinganisha. Pili, marudio mengine yana maana. Tuseme vibarua watatu wamelipwa shilingi 500 kila mmoja, nawe ukaiuliza kompyuta ikutajie malipo tu bila majina. Ikiyaondoa yanayofanana, itakujibu 500 mara moja, na ukijumlisha utasema zimetumika shilingi 500 badala ya 1,500. Watu wawili watakuwa wamefanya kazi bure.

Hayo yote niliyajua. Nilikuwa nimeyasoma na kuyafanyia mtihani. Basi sasa nije kwenye kosa langu.

Mwaka 2001 nilikuwa karani wa kompyuta katika ofisi moja ya mjini iliyolipa mafao ya watu waliofanya kazi mashambani zamani, pamoja na wajane wao. Majalada yalikuwa ya karatasi, yamejaa vumbi na mikojo ya panya. Nilipewa kazi ya kuyaingiza katika kanzidata. Jedwali nililichora mimi mwenyewe: jina, jina la baba, kijiji, tarehe ya kuzaliwa, kiasi anachodai. Namba ya jalada sikuiweka. Niliona ni ndefu, imeandikwa ovyo, na itatuchelewesha. Huo ndio ufunguo niliokuwa nao mkononi nikautupa.

Tulipomaliza tulikuwa na mistari elfu sita na ushee. Mkuu wangu aliona baadhi ya majina yamejitokeza mara mbili, akaogopa kwamba watu watalipwa mara mbili na yeye atakwenda kujieleza. Akaniambia, "Ondoa marudio yote kabla ya Ijumaa." Nilihesabu, nikakuta mistari 57 iliyofanana kabisa na mingine, safu kwa safu. Kwa kuwa haikuwa na namba ya kuitofautisha, sikuweza kuiambia kompyuta ifute mmoja na kubakiza mwenzake, maana amri inayomgusa mmoja ingewagusa wote wawili. Basi nilifanya kama wengi wanavyofanya. Nilitengeneza jedwali jipya, nikaagiza kila aina ya mstari inakiliwe mara moja tu, kisha nikalifuta jedwali la zamani na kulipa lile jipya jina lake. Muda wote huo haukutosha kumaliza kikombe cha chai. Nakala ya jedwali la zamani sikubakiza, kwa sababu diski ilikuwa karibu kujaa.

Kulikuwa na mtego mwingine ambao sikuuwazia. Wajane wengi hawakujua tarehe zao za kuzaliwa, nasi tukaacha pengo. Kompyuta ina tabia ya ajabu mbele ya mapengo. Ukiiuliza kama pengo hili ni sawa na lile, haisemi ndiyo wala hapana, kwa maana jambo lisilojulikana haliwezi kulinganishwa na jingine lisilojulikana. Hiyo ni hekima. Lakini ukiiagiza iondoe marudio, huyachukua mapengo mawili kuwa kitu kimoja. Hivyo kutojua kwetu kuligeuka kuwa ushahidi dhidi ya wale wajane. Na kiasi chao hakikuweza kuwatetea, kwa sababu wajane wote walipangiwa kiwango kimoja.

Miezi miwili baadaye alikuja mama mmoja, mtu mzima, khanga mbili na kikapu cha ukili. Nitamwita Mariamu binti Yohana, ingawa silo jina lake la kweli. Aliketi kwenye benchi tangu asubuhi. Dirishani aliambiwa, "Umeshalipwa, mama. Huyu hapa ni wewe." Hakupiga kelele. Alirudi kwenye benchi akaketi, kama mtu aliyeambiwa amefariki naye anatafakari kama ni kweli. Saa nane aliniona napita, akanisikia nikizungumza, akatambua lafudhi ya kwetu.

Nilimwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si wa Ukaguru?"

"Wa Berega, mama."

"Basi ni mwenyeji wangu. Waambie hawa kwamba mimi sijawahi kufika hapa."

Nilikwenda kutafuta hati ya malipo. Ilikuwepo, na chini yake kulikuwa na dole gumba la wino wa bluu. Mama yule aliitazama kwa muda, akaweka dole lake kando yake. Dole la kwenye karatasi lilikuwa na mstari mweupe uliolikata katikati, kovu la kisu au la mundu. La kwake halikuwa na kovu lolote. Akasema kwa upole, "Hili si langu. Hili ni la mwenzangu."

Hapo ndipo swali la wazee lilipokuja kinywani mwangu lenyewe. "Mama yako alikuwa wa ukoo gani?" Akanitajia, na akanitajia vilevile ukoo wa Mariamu yule mwingine, wa kitongoji cha ng'ambo ya mto, ambaye baba yake pia aliitwa Yohana. Walijuana tangu utotoni. Kijijini hakuna hata mtoto aliyewahi kuwachanganya. Kisha akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Ungeniuliza hivyo asubuhi, mwanangu, ningekuwa nimekwisha kupanda basi."

Nilirudi mezani nikalitazama jedwali langu. Lilikuwa na safu ya jina la baba, kama ilivyo katika fomu zote tulizorithi tangu enzi za kodi na misheni. Safu ya mama haikuwemo. Wanawake wale wawili hawakufanana. Walionekana kufanana kwa sababu mchoraji wa jedwali hakuuliza swali ambalo lingewatofautisha. Na mchoraji yule alikuwa mtoto wa Ukaguru.

Nilikiri kwa mkuu wangu. Tuliyafungua majalada yote upya, jalada baada ya jalada, kwa wiki kadhaa. Kati ya mistari 57 niliyoiondoa, 49 ilikuwa marudio kweli, kazi ya makarani waliochoka na kuingiza jalada moja mara mbili. Mistari minane ilikuwa watu wengine. Mama Mariamu alilipwa mwezi wa nne tangu siku ile ya benchi. Fedha zile alikuwa amezikusudia mabati. Mabati yalifika masika yakiwa yamekwisha kupita, naye alikuwa amenyeshewa msimu mzima.

Tangu hapo kazi hii naifanya kwa mpango mwingine. Kwanza nanakili jedwali zima na kuliweka pembeni. Kisha natafuta makundi ya mistari inayofanana, lakini sifuti kitu. Kila kundi nalipeleka kwa mtu anayewajua wahusika, na yeye ndiye anayeamua. Mistari ikithibitika kuwa ya mtu mmoja, nachagua wa kubaki, na kumbukumbu zilizofungwa kwenye ule mwingine, kama vile malipo na barua, nazihamishia kwake zisibaki yatima. Mstari unaoondoka nauhamishia jedwali la akiba, pamoja na tarehe, sababu na jina la aliyeamua. Mwisho natia kufuli, yaani sharti kwamba ufunguo usirudiwe, ili marudio yazuiwe mlangoni. Lakini kufuli hutiwa mwisho, si mwanzo. Ukilitia juu ya ufunguo mbaya, Mariamu wa pili atakataliwa hata kuandikwa.

Taifa letu nalo limepita njia hiyo hiyo. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lilianzishwa mwaka 2004, na kwa uchaguzi wa 2015 watu waliandikishwa upya kwa alama za vidole, ili mashine imkamate aliyejiandikisha mara mbili. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuwaondoa watumishi hewa zaidi ya 10,000 katika orodha ya mishahara. Mamlaka ya vitambulisho, iliyoanzishwa mwaka 2008, humpa kila mtu namba ya tarakimu 20. Nayafurahia mambo hayo, kwani wizi wa mistari hewa ni wizi wa dawa na madawati. Lakini namba ile huanza na tarehe ya kuzaliwa, nami kila ninapoiona huwakumbuka wajane wetu ambao tarehe hiyo hakuna aliyewaandikia. Na vidole vya mkulima wa jembe la mkono huchakaa mpaka mistari yake inafutika. Hata ufunguo ulio mwilini humhitaji karani mwenye subira.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa kanisa, na alikuwa na daftari lake la wanafunzi wa ubatizo, lenye jalada gumu. Baada ya msiba wake nililileta kwangu. Siku moja nililifungua, nikakuta ukurasa wenye majina mawili yanayofanana, moja juu ya jingine, Mariamu binti Yohana na Mariamu binti Yohana. Siwezi kusema kama ndio wale wale. Pembeni, kwa mwandiko wake mdogo, nje kabisa ya safu zilizochapwa na wenye daftari, baba alikuwa ameandika mbele ya kila jina ukoo wa mama. Fomu haikumwachia nafasi, akaitafuta mwenyewe.

Nilisema niliwapoteza watu wanane. Saba tuliwapata. Wa nane hakuja ofisini, na tulipopeleka ujumbe kijijini kwake hakupatikana. Mstari wake niliurudisha katika jedwali kwa mkono wangu, na namba ya jalada lake naikumbuka mpaka leo.